Nchi Jirani: Vita vya Mkulima Dhidi ya Bungua

Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, mkulima wa mahindi hupambana na maadui ambao aghalabu huanza kuonekana wakati uharibifu umekwisha fanyika. Adui wa kwanza ni bungua, yaani kiwavi anayetoboa bua na kuishi ndani yake. Wa pili ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ya kupendeza, ambalo hushika mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kuyanyonya hata yakadumaa. Tangu mwaka 2017 ameongezeka wa tatu, naye ni kiwavijeshi vamizi aliyetoka bara la Amerika. Kwa mkulima mwenye ekari moja au mbili, maadui hawa si suala la takwimu za wizarani. Wao ndio wanaoamua kama familia itakula mpaka mavuno yajayo, au kama mkuu wa nyumba atauza mbuzi ili anunue unga.

Kwa miaka mingi jibu lililotolewa kwa mkulima huyo lilikuwa moja tu, nalo ni kupiga dawa. Nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria, jibu jingine limekuwa likitafutwa na kupatikana hatua kwa hatua tangu miaka ya 1990. Jibu hilo halianzii dukani. Linaanzia katika mmea wenyewe, jinsi unavyojilinda, na katika wadudu wengine ambao kwa asili yao ni maadui wa bungua. Kwa kuwa Tanzania, Uganda na Kenya zina wadudu wale wale, udongo unaofanana na wakulima wenye uwezo unaolingana, yaliyotokea huko yanastahili kueleweka kwa makini.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini dawa peke yake imeshindwa. Nondo wa bungua hutaga mayai usiku juu ya majani ya mahindi machanga. Mayai yakianguliwa, viwavi hula majani kwa siku chache, kisha hutoboa bua na kuingia ndani. Kuanzia hapo wamekwisha jificha katika ngome. Dawa inayonyunyizwa juu ya jani haiwafikii. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na bungua ni mfano kamili wa usemi huo. Mkulima hana budi kupiga dawa katika siku zile chache kabla kiwavi hajaingia, na mara nyingi siku hizo humpita akiwa bado anatafuta fedha za kununulia dawa yenyewe. Panapozidi wadudu hao, wataalamu hukadiria kwamba hasara hufikia kati ya asilimia 20 na 40 ya mavuno, na mara nyingine zaidi.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa urahisi. Dawa nyingi hazichagui. Zinapomwua kiwavi mmoja aliye nje ya bua, huwaua pia buibui, sisimizi na nyigu wadogo ambao wangewala au kuwashambulia viwavi kumi. Viwavi waliosalia ndani ya mabua hutoka wakiwa nondo, na kukuta shamba lisilo na walinzi. Hapo mkulima hulazimika kurudia dawa, na kila anaporudia, ndivyo anavyozidi kuitegemea.

Ili kuelewa njia nyingine, hapana budi kuanza na mmea. Mnyama akishambuliwa hukimbia au hupigana. Mmea hauwezi kukimbia, lakini si kweli kwamba umekaa tu ukingoja kuliwa. Mimea ina miba, ina vinywele vinavyonasa wadudu wadogo, ina utomvu unaonata, ina uchungu na ina sumu. Mkulima wa Afrika Mashariki anazifahamu silaha hizi tangu zamani. Anayepanda muhogo mchungu karibu na msitu hafanyi hivyo kwa kuwa anapenda kazi ya kuuloweka na kuuanika; hufanya hivyo kwa sababu sumu iliyomo ndani yake huwafanya nguruwe mwitu na ngedere kuuogopa.

Silaha nyingine ya mmea haionekani kwa macho, nayo ni harufu. Mmea ulioshambuliwa na viwavi hubadili harufu unayoitoa. Harufu hiyo mpya huwa ni onyo kwa nondo wengine kwamba mahali pale pamekwisha jaa. Wakati huo huo huwa ni wito kwa nyigu wadogo wanaotafuta viwavi. Kwa maneno mengine, mmea huomba msaada, na msaada huja.

Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi hiyo nchini Kenya walitangaza matokeo yanayohusu mbegu za mahindi. Waligundua kwamba baadhi ya mbegu za kienyeji hutoa wito huo mapema sana, mara tu nondo anapotaga mayai juu ya jani na kabla kiwavi hata mmoja hajaanguliwa. Nyigu wanaoshambulia mayai huitika, na pia wale wanaoshambulia viwavi, kwa hiyo hufika kabla ya madhara. Mbegu chotara za kibiashara zilizojaribiwa pamoja nazo hazikuonyesha uwezo huo. Maana yake ni nzito. Katika juhudi za miaka mingi za kutafuta mbegu yenye mazao mengi, huenda wanadamu wamepoteza bila kujua sauti ambayo mahindi ya zamani yaliitumia kuita walinzi wake. Kwa hiyo mbegu ambazo bibi kizee huzining'iniza juu ya meko si mabaki ya ujinga. Zinaweza kuwa na sifa ambazo wazalishaji wa mbegu watahitaji kuzirudisha.

Walinzi wenyewe ni nani? Aliye maarufu zaidi katika vita dhidi ya bungua ni nyigu mdogo mweusi, mwenye urefu wa milimita chache tu, ambaye wataalamu humwita Cotesia sesamiae. Huyu ni mwenyeji wa Afrika. Jike lake humtafuta kiwavi hata ndani ya bua, humdunga na kutaga mayai ndani ya mwili wake. Watoto wa nyigu huishi ndani ya kiwavi huyo wakimla taratibu, kisha hutoboa ngozi yake, hutoka nje na kujisokotea vifuko vyeupe kama pamba. Kiwavi hufa, na badala ya nondo mmoja shamba hupata kundi la nyigu wapya. Mkulima anayepasua bua na kukuta vifuko hivyo vyeupe asidhani kuwa ni mayai ya adui na kuviponda. Hao ni askari wake.

Hata hivyo si kila bungua ana adui wa kumtosha. Yuko bungua wa Kiafrika aliyezoeleka katika nyanda za juu, na yuko mwingine, Chilo partellus, aliyetoka Asia na kuonekana mara ya kwanza barani Afrika huko Malawi katika miaka ya 1930. Huyu wa pili alienea katika nyanda za chini na pwani. Mdudu anapovuka bahari kwa bahati mbaya huja peke yake, na adui zake hubaki nyuma. Ndiyo sababu wageni wa namna hii huongezeka kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1993 wataalamu waliokuwa Kenya walichukua hatua iliyofuata mantiki hiyo: walimleta nyigu Cotesia flavipes kutoka Pakistan, ambako huishi pamoja na bungua yule wa Asia, wakamwachia huru katika eneo la pwani. Nyigu huyo alistawi, na baadaye akaenezwa katika nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa usemi huo ulitimia kwa maana yake halisi.

Hatua hiyo haikuwa ya kubahatisha, kwani bara la Afrika lilikuwa limekwisha pata somo kubwa kutokana na muhogo. Mwaka 1973 mdudu aitwaye kidung'ata, mweupe aliyefunikwa na nta mfano wa unga, alionekana katika mashamba ya muhogo karibu na miji ya Kinshasa na Brazzaville. Alikuwa ametoka Amerika Kusini. Katika muda usiozidi miaka 15 alikuwa ameenea sehemu kubwa ya ukanda wa muhogo wa Afrika, na katika miaka ya 1980 alifika Malawi, Zambia na Tanzania. Kisamvu kilikunjamana, mashina yakafupika, na mahali pengine mavuno yakapotea kabisa. Watu waliokuwa wakiutegemea muhogo kuwa kinga ya njaa walijikuta hawana kinga.

Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, yenye makao yake Ibadan nchini Nigeria, hawakutafuta dawa. Walitafuta nyumbani kwa mdudu huyo. Mwaka 1981 alipatikana nchini Paraguay nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Baada ya kuwekwa karantini na kuchunguzwa ili kuhakikisha kwamba hatadhuru viumbe vingine, aliachiliwa kwa mara ya kwanza nchini Nigeria mwaka huo huo wa 1981. Katika miaka iliyofuata alizalishwa kwa wingi na kuachiliwa katika nchi nyingi, mara nyingine kwa kutumia ndege. Idadi ya vidung'ata ilishuka karibu kila alikofika. Mkulima hakuulizwa anunue kitu, wala hakudaiwa senti. Hans Herren, mtaalamu kutoka Uswisi aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Tangu mwaka 1994 mtaalamu huyo alikuwa mkurugenzi mkuu wa taasisi nyingine, iliyoko Nairobi, nayo ni Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, ICIPE. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeamini kwamba Afrika haiwezi kuyamaliza matatizo ya wadudu wake kwa kukopa majibu yaliyotengenezwa kwa ajili ya hali za hewa nyingine. Kituo chake cha Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ndicho kilichokuwa chimbuko la njia inayojulikana leo kwa jina la Vuta-Sukuma. Watafiti wa hapo, wakiongozwa na Zeyaur Khan, walifanya kazi pamoja na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza na wataalamu wa kilimo wa Kenya.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Watafiti walijiuliza nondo wa bungua anapenda kutaga wapi na anachukia wapi. Walichunguza mamia ya nyasi na mimea mingine. Waligundua kwamba majani ya tembo, ambayo sehemu nyingi za Tanzania huitwa mabingobingo, humvutia nondo kuliko mahindi yenyewe. Giza linapoingia, katika saa ile ile ambayo nondo huruka kutafuta mahali pa kutaga, majani hayo hutoa kwa wingi harufu anayoipenda. Nondo huenda huko na kutaga. Lakini mwaliko huo ni mtego. Kiwavi anapojaribu kutoboa shina la majani ya tembo, mmea hutoa utomvu unaonata ambao humnasa. Sehemu kubwa ya viwavi, yapata asilimia 80, hufa kabla ya kukomaa. Hiyo ndiyo sehemu ya kuvuta, na majani hayo hupandwa mistari mitatu kulizunguka shamba.

Sehemu ya kusukuma hupandwa ndani ya shamba, katikati ya mistari ya mahindi. Mmea wa kwanza kujaribiwa ulikuwa nyasi yenye vinywele vinavyonata na harufu nzito ya sukari guru, ambayo jina lake la kitaalamu ni Melinis minutiflora. Mwaka 1997 watafiti walitangaza kwamba nyasi hiyo, hata ikiwa haijaguswa na mdudu yeyote, hutoa harufu ile ile ambayo mahindi hutoa yakishambuliwa. Hivyo nondo huliona shamba kana kwamba limekwisha jaa, na nyigu Cotesia huliona kana kwamba kuna mawindo. Harufu moja ilifanya kazi mbili, kumfukuza adui na kumwita rafiki.

Baadaye nafasi ya nyasi hiyo ilichukuliwa na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Nao ulileta faida ambayo hakuna aliyeitarajia. Katika mashamba ya majaribio yaliyokuwa na desmodiamu, kiduha kilianza kutoweka. Uchunguzi ulionyesha kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili. Nyingine huziamsha mbegu za kiduha zilizolala udongoni, ambazo zinaweza kukaa humo miaka mingi zikingoja mzizi wa mahindi. Nyingine huzuia mche huo mchanga usishike mzizi. Kwa hiyo kiduha huota, hukosa pa kunyonya, na kufa. Msimu baada ya msimu akiba ya mbegu zake ardhini hupungua. Kwa mkulima wa Nyanza, wa mashariki mwa Uganda au wa mkoa wa Mara, ambaye alizoea kung'oa kiduha kwa mikono mwaka hadi mwaka bila kukimaliza, hilo lilikuwa jambo kubwa pengine kuliko hata kupungua kwa bungua.

Faida haziishii hapo. Desmodiamu huongeza rutuba kwa kuingiza naitrojeni udongoni, hufunika ardhi isikauke wala kuchukuliwa na maji ya mvua, na pamoja na majani ya tembo huwa chakula bora cha ng'ombe wa maziwa. ICIPE inaeleza kwamba katika mashamba ya magharibi mwa Kenya mavuno ya mahindi yalipanda kutoka yapata tani moja kwa hekta hadi kufikia tani tatu na nusu. Njia hiyo ilivuka mpaka na kuingia Uganda, Tanzania, Ethiopia na nchi nyingine. Kwa ajili ya sehemu zenye ukame ilirekebishwa kwa kutumia aina ya desmodiamu inayovumilia jua kali na nyasi za brakiaria badala ya majani ya tembo.

Mtihani mpya ulikuja na kiwavijeshi vamizi. Aligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia mwaka uliofuata alikuwa Kenya, Uganda na Tanzania. Serikali nyingi, kwa hofu iliyoeleweka, zilikimbilia dawa. Lakini uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya wakulima wa nchi hizo tatu, na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba penye Vuta-Sukuma iliyorekebishwa idadi ya viwavi kwa kila mche ilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko penye mahindi peke yake. Wataalamu wanaendelea kubishana kuhusu sababu. Wapo wanaosisitiza harufu. Wapo waliotoa ushahidi kwamba vinywele vyenye ndoana vya desmodiamu huwanasa na kuwaua viwavi wanaotangatanga. Ubishi wa namna hiyo ni afya ya sayansi, na haumzuii mkulima kuvuna. Aidha, imebainika kwamba baadhi ya nyigu wenyeji wa Afrika wamekwisha anza kumshambulia mgeni huyo, nao hawana budi kulindwa wasiangamizwe na dawa zinazopigwa ovyo.

Pamoja na hayo yote, haifai kumwambia mkulima kwamba njia hii haina taabu. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo, ni ghali, na mara nyingi haipatikani madukani. Katika msimu wa kwanza mmea huo huota kwa unyonge, na hapana budi kuupalilia kwa uangalifu, la sivyo magugu huumeza. Ugonjwa wa kudumaza umeyashambulia majani ya tembo magharibi mwa Kenya. Mahali ambapo mifugo huachiwa huru baada ya mavuno, desmodiamu huliwa mpaka mizizi. Asiye na ng'ombe hapati faida ya malisho, ingawa anaweza kuyauza.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote hakimo katika mimea wala wadudu. Kimo katika ardhi. Majani ya tembo na desmodiamu ni mimea ya kudumu, ambayo faida yake huongezeka mwaka wa pili na wa tatu. Anayekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kuiotesha, kwa sababu atakayevuna jasho lake ni mwenye shamba. Vivyo hivyo kwa mwanamke alimaye ardhi ambayo hana uhakika nayo mumewe akifariki. Wanawake ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi ya mahindi katika nchi hizi. Kwa hiyo haki ya kutumia ardhi kwa muda mrefu nayo ni sehemu ya vita dhidi ya bungua, hata kama haitajwi katika vitabu vya wadudu.

Kuna mambo ambayo serikali za nchi jirani zinaweza kuyafanya kwa pamoja. La kwanza ni kuzalisha mbegu za desmodiamu ndani ya eneo hili, kwa mikono ya vikundi vya wakulima wenyewe, ili bei ishuke. La pili ni kuwapa mabwana shamba na mabibi shamba nafasi ya kumfundisha mkulima kumtambua rafiki na adui, kwani hakuna asiyemwua nyigu kama hajui kazi yake. La tatu ni kuhifadhi mbegu za kienyeji na kuzipima, ili zile zenye uwezo wa kuita walinzi zitumiwe kuboresha mbegu mpya. La nne ni karantini na kupeana habari upesi mipakani.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Kidung'ata hakuomba pasi kuingia Zambia, wala kiwavijeshi vamizi hakusimama Namanga kukaguliwa. Wadudu waharibifu huziona nchi hizi kuwa shamba moja. Nyigu wanaowaua nao huliona hivyo hivyo, kwani mlinzi aliyeachiliwa upande mmoja wa mpaka hula adui wa pande zote mbili. Nchi inayopiga dawa bila mpango huwaua pia walinzi wa jirani yake, na nchi inayowatunza huwatunza kwa faida ya wote. Mkulima wa Mbita na mkulima wa Tarime hawajaonana, lakini usalama wa ghala la mmoja unategemea kwa kiasi kikubwa yale yanayofanyika katika shamba la mwenzake.